Waliougua Kimakosa

Njia ya kwenda Usawani sina haja ya kuieleza, maana asiyefika haamini na aliyefika hakumbuki. Yatosha kujua kwamba Daktari Mwanamvua Kirumbi alifika salama. Aliyoyaona huko ndiyo ninayoyasimulia, na mkinisikia sauti inapanda, nivumilieni. Kila nikifika katikati ya kisa hiki damu hunichemka.

Mwanamvua alikuwa daktari wa wazazi, na tena mwalimu wa madaktari. Chuoni kwao walikuwa na tatizo sugu: vijana wanahitimu wakiwa wanajua figo na maini kama wanavyojua nyumba zao, lakini akiletwa mbele yao mama wa kijijini, aliyechelewa kwa sababu hakuwa na wa kumwachia watoto, wanamfokea badala ya kumtibu. Walimu walikuwa wanatafuta namna ya kuingiza haki ya afya katika mafunzo, wasijue waanzie wapi. Ndipo wakasikia kwamba Usawani hilo limekwisha zamani, kwamba huko haki si somo la pembeni bali ni uti wa mgongo wa chuo. "Nenda ukaone," wenzake wakamwambia, "uje utufundishe." Akaenda na moyo mweupe. Masikini wa Mungu, alikwenda kujifunza!

Chuo cha Tiba cha Usawani kiko juu ya Mlima, na chini yake kuna Bonde wanakoishi watu wengi wa nchi ile. Juu ya lango pameandikwa kwa herufi za shaba: HAPA WOTE NI SAWA. Mwanamvua alipoyasoma maneno hayo machozi yalimlengalenga. Mkuu wa Chuo, Profesa Lisanga, alitoka mwenyewe kumlaki. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na desturi ya kufuta miwani yake kila alipotaka kusema jambo zito.

"Karibu sana, mheshimiwa mgeni," akasema. "Kabla ya chai, njoo umwone Kiolezo."

Akampeleka katika ukumbi wa mafunzo. Katikati palikuwa na benchi pana lenye godoro la mahameli, na juu yake amelala mwanamume mnene, msafi, aliyepakwa mafuta mazuri, na masharubu yake yamechanwa unywele kwa unywele. Wanafunzi walikuwa wamemzunguka. Mmoja anasikiliza kifua, mwingine anapima mapigo, wa tatu anamtekenya nyayo na kuandika.

"Zamani," Profesa akaeleza, "kila daktari alitibu kivyake. Mgonjwa huyu anapewa hiki, yule anapewa kile. Upendeleo mtupu! Wazee wetu wakakataa. Wakachagua mwili mmoja, mzuri, wa ukoo wa Mlimani, wakasema: madaktari wote watajifunzia huu. Ugonjwa aliougua Kiolezo ndio ugonjwa. Dawa iliyomponya ndiyo dawa. Na kila anayefanana naye atapewa kile kile, bila kuangaliwa sura wala kabila. Kiolezo akifariki huchaguliwa mwingine wa ukoo huo huo."

"Na mtu akiugua ugonjwa ambao Kiolezo hajaugua?"

"Huyo," Profesa akasema kwa huruma, "ameugua kimakosa."

Mwanamvua alicheka, akidhani ni utani. Hakuna mwingine aliyecheka. Akauliza Kiolezo ameugua nini na nini, akajibiwa: mafua, jino, vidole vya miguu vinavyowauma wanaokula nyama nyingi, na zaidi ya yote kuvimbiwa, maana Kiolezo hulishwa vizuri sana. Kwa hiyo dawa ya kuvimbiwa hutengenezwa kwa wingi na hugawiwa Bondeni bure, kila nyumba chupa, hata zile ambazo jiko lake halijawashwa tangu jana.

"Na uzazi?" akauliza. "Huyu ni mwanamume. Mnafundishaje uzazi?"

"Aa, hilo tumelifikiria!" Profesa akapiga makofi. Likaletwa boga kubwa, likafungwa kwa shuka juu ya tumbo la Kiolezo. Wanafunzi wakapanga mstari. Wa kwanza akafungua shuka, akalitoa boga, akalifuta, akalipakata. Darasa zima likapiga vigelegele. Boga lile halikuwahi kukaa vibaya, wala kuchoka, wala kutoka damu, na tangu chuo kianze hakuna mwanafunzi aliyefeli uzazi.

Wenzangu, Mwanamvua aliyaona hayo kwa macho yake. Alijikuta, kwa mazoea tu ya kazi yake, amemwinamia yule mtu wa benchini na kumwambia, "Habari za leo, bwana?"

Mtu yule akashtuka. Akafungua macho, akamtazama kana kwamba kiti kimesemeshwa. "Nzuri," akanong'ona. Kisha akafikiri kidogo. "Kwa kweli sijui, daktari. Hawajawahi kuniuliza."

Mgeni hakuruhusiwa kulala Mlimani, kwa sababu vitanda vya huko ni vya wanaofanana na Kiolezo. Akapelekwa Bondeni kwa bibi mmoja aitwaye Nyamizi, mwanamke mkavu, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Aliishi na mke wa mwanawe, Sikitu, mwenye mimba kubwa ya kwanza. Mumewe Sikitu alikuwa kwenye machimbo ya chokaa, mbali, hakurudi mpaka msimu uishe.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Bi Nyamizi akamkaribisha. "Na hapa wenyeji tunahitaji kupona kweli, mwanangu, si methali. Mtazame mkwe wangu."

Mwanamvua hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Sikitu alikuwa amekaa kwenye mkeka, akisonga ugali kwa mkono mmoja na kujishika kichwa kwa mkono mwingine. Miguu ilikuwa imevimba hadi kamba za ndala zimezama. Uso umejaa, pete imemkaba kidole. Alipompa mgeni mkono alitabasamu, akasema, "Shikamoo dada. Nisamehe, sikuoni vizuri. Tangu asubuhi naona vimulimuli tu."

Mwanamvua akafungua mkoba wake, akatoa kipimo cha presha, akamfunga mkononi. Namba zilikuwa juu mno. Akabonyeza shavu la mguu, na kidole kikaacha shimo. Alikuwa ameona hali hiyo mara nyingi maishani, na mara chache ameiona ikimshinda, na hizo chache hazikuwahi kumtoka moyoni.

"Sikitu, mdogo wangu," akasema taratibu, "hiki ni kifafa cha mimba kinabisha hodi. Kuna sindano ya kukizuia, na mtoto inabidi atolewe. Kwetu ungekuwa kitandani sasa hivi. Dawa zenu ziko wapi?"

Bi Nyamizi akaonyesha juu kwa kidevu. "Mlimani. Zote. Huku chini tuna ya kuvimbiwa."

Wakapanda wote watatu alfajiri, lango la Mlimani lilipofunguliwa. Mlangoni mwa hospitali ya chuo kuna Idara ya Kufananisha, na hakuna mgonjwa anayeonwa kabla hajapita hapo. Mwanamvua aliwakuta watu wa Bondeni wamejipanga, wagonjwa hasa, wengine hawawezi kusimama, wakibandikwa masharubu ya sufu ya kondoo na kufungwa mito matumboni ili wakaribie unene wa Kiolezo. Bibi mmoja anayekohoa alikuwa anakohoa masharubu yake yanadondoka, anarudishwa mwisho wa mstari. Lahaula! Na wahudumu walikuwa wema, jamani, hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Walimbandika kila mtu kwa upole, wakimwita mama, wakimwita baba.

Sikitu akabandikwa masharubu. "Hongera," mhudumu akamwambia, "wewe huhitaji mto."

Daktari wa zamu akamtazama. Akapima mapigo, akafungua kitabu kikubwa cha Kiolezo, akakifunga. "Miguu ya Kiolezo haijavimba hivi," akasema. "Kuna vidole, lakini vidole vyake vilikuwa vyekundu. Vya huyu si vyekundu. Mama, umeugua kimakosa. Nenda nyumbani upumzike, ukiugua vizuri urudi."

"Huyu atakufa!" Mwanamvua akapaza sauti. "Ile sindano mnayo! Nimeiona sasa hivi dirishani mwa ghala lenu, makasha kwa makasha!"

"Tunayo," daktari akakubali. "Tuliletewa na wafadhili. Lakini Kiolezo hajawahi kuihitaji, kwa hiyo haijawa dawa."

Mwanamvua akamwacha Sikitu na mkwewe kwenye benchi la nje, akakimbia hadi ofisini kwa Profesa Lisanga. Akamweleza yote kwa pumzi moja. Profesa akasikiliza, akafuta miwani, na uso wake ukang'aa kwa furaha.

"Lakini hii ni bahati njema!" akasema. "Leo hii Baraza la Chuo linajadili kuingiza Bonde katika mafunzo. Tumejadili kwa miaka, na hatujawahi kuwa na mtu wa Bondeni ukumbini. Mlete! Baraza likimwona litaguswa. Likiguswa, lolote lawezekana."

Angefanya nini? Ghala limefungwa, funguo ziko kwa Baraza. Akamleta.

Sikitu akawekwa kwenye benchi la pili, kando ya Kiolezo, ili wajumbe waone tofauti. Bi Nyamizi akaambiwa asimame mlangoni. Mjadala ukaanza, na mimi nawaapia ulikuwa mjadala wa watu waliosoma. Mjumbe mmoja alisema wanafunzi wapelekwe Bondeni wakaone wanavyoishi watu. Mwingine akamjibu kwamba huko ni kuwapendelea wa Bondeni, kwa maana wa Mlimani hawatembelewi na wanafunzi majumbani. Wa tatu akapendekeza darubini: ziwekwe roshani ya chuo, kila mwanafunzi alitazame Bonde kwa saa moja kabla ya kuhitimu. Wakabishana kama darubini iwe ya jicho moja au mawili. Mwanamvua akasimama mara nne kusema kwamba mgonjwa yuko hapa, anaumwa sasa, na mara nne akaambiwa kwa adabu kwamba wageni huchangia mwishoni.

"Daktari," Sikitu akamwita kwa sauti ndogo. Mwanamvua akainama. "Tumbo huku juu linaniuma. Na dada, nakuomba. Wakikupa nafasi ya kuchagua, umtoe mtoto. Mume wangu hana ndugu, na mama yake hana mjukuu."

"Sitachagua. Nitawatoa wote."

"Usiniahidi," Sikitu akasema. "Fanya tu."

Hatimaye Baraza likapitisha azimio. Somo jipya litaitwa Haki ya Afya, na litapimwa kwa machozi. Kila mwanafunzi atapewa kikombe kidogo cha kioo, ataonyeshwa mtu wa Bondeni, na atalia ndani ya kikombe. Atakayekijaza atapewa daraja la kwanza. Atakayekutwa amepaka kitunguu atafukuzwa, kwa sababu chuo hakivumilii udanganyifu. Na kwa kuwa mtu wa Bondeni alikuwepo tayari, Profesa akaagiza jaribio la kwanza lifanyike hapo hapo.

Vikombe vikagawiwa. Wanafunzi wakamzunguka Sikitu, wakamtazama, wakaanza kulia. Walilia kweli, nisiwasingizie. Alikuwepo msichana mmoja, Firdausi, mwanafunzi bora wa mwaka, ambaye kikombe chake kilianza kufurika kabla wenzake hawajalowesha vyao.

Ndipo Sikitu akakakamaa. Macho yakageuka, meno yakauma ulimi, na mwili mzima ukaanza kutupwa juu na chini pale benchini, masharubu ya sufu yakimning'inia mdomoni. Bi Nyamizi akapiga ukelele. Mwanamvua akamrukia, akamlaza ubavu, akampanua taya. "Sindano!" akapiga kelele. "Fungueni ghala! Sindano, mnangoja nini?"

Wanafunzi walilia zaidi. Profesa akapita nyuma yao akikagua vikombe, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri sana. Endeleeni. Hii haipatikani kila siku."

"Profesa, kwa jina la Mungu!"

"Mheshimiwa mgeni," akasema, na sauti yake ilijaa uchungu wa kweli, "unadhani sisi hatuumii? Lakini nikifungua ghala kwa ugonjwa ambao Kiolezo hajaugua, kesho nitamnyima nani? Kila mtu atataka atibiwe ugonjwa wake mwenyewe. Haki itakuwa wapi?"

Hapo hapo, kutoka kwenye benchi la mahameli, Mwanamvua akasikia kishindo.

Kiolezo alikuwa ameanguka chini. Alikuwa anatupatupa mikono na miguu, amekaza meno, macho ameyageuza yameonyesha weupe. Alikuwa anamwiga Sikitu kwa kila kitu, hata kile kichwa kilivyokuwa kinapiga upande wa kushoto. Mwanamvua, aliyeona vifafa vya kila namna, alitambua papo kwa papo kwamba mtu huyu ni mzima kabisa.

Ukumbi ulipasuka. Viti vikaanguka. "Kiolezo anaumwa! Kiolezo amekamatwa!" Mwenye funguo alikimbia mpaka kiatu kikamtoka. Kufumba na kufumbua makasha ya sindano yakawa mezani, na Profesa, jasho likimtiririka, akawa anatangaza, "Ugonjwa mpya! Andikeni! Kutupwa kwa viungo! Huu sasa ni ugonjwa!" Kisha akageuka, akamwona Sikitu, na macho yakamtoka. "Na huyu anafanana naye! Mpeni! Wapeni wote wawili sawa!"

Mwanamvua akanyakua sindano, akamchoma Sikitu. Mtetemo ukapungua, ukatulia. Kando yake Daktari Bingwa wa chuo, mzee mwenye mikono mikubwa, akamchoma Kiolezo dawa ile ile, kipimo kile kile.

"Sasa mtoto atolewe mara moja," Mwanamvua akasema, "au atakufa yeye na mama. Nitampasua mwenyewe. Leteni vifaa na dawa ya usingizi."

"Vifaa viwili!" Profesa akaamuru. "Mgeni atatibu huyu, na Daktari Bingwa ataiga kila atakachofanya kwa Kiolezo. Ugonjwa mmoja, tiba moja."

"Kiolezo hana mimba," Mwanamvua akasema.

"Kwetu hatubagui mwenye mimba na asiye na mimba."

Wakamwinua Kiolezo, wakamlaza tena benchini, bega kwa bega na Sikitu. Mwanamvua akakaribia kama anayempima mboni, akainama mpaka sikioni. "Ndugu yangu," akanong'ona, "watakupasua. Nitawaambia unajifanya."

Mtu yule akafungua jicho moja. "Ukiwaambia," akasema, "yeye hatafanana na mimi tena. Watamnyima upasuaji."

"Nitatafuta njia nyingine."

"Ipi?" Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu. "Miaka yote nimelala hapa nikisikia wakiwarudisha watu mlangoni kwa jina langu," akasema. "Wewe ulinisalimu. Kata, daktari. Fanya haraka tu."

Mwenye dawa ya usingizi akaja, na jicho lile likafumbwa.

Mimi nawauliza ninyi mnaosikiliza, mngefanyaje? Msiharakishe kujibu. Mwanamvua alikishika kisu. Alijua kila mstari atakaouchora kwenye mwili mmoja utachorwa kwenye mwingine. Akakata. Pembeni akasikia kisu cha pili kinakata. Alikwenda mbio kuliko alivyowahi kwenda, asitazame kushoto, machozi yakimtiririka hadi kwenye barakoa. Akafika, akaingiza mkono, akamtoa mtoto wa kike, mdogo, wa buluu, kimya. Akamsugua mgongo. Akamsugua tena. Mtoto akapiga chafya, kisha akalia kwa hasira ukumbi mzima ukasikia.

Bi Nyamizi akajipenyeza katikati ya wajumbe, akampokea mjukuu wake kwa khanga. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Mwanamvua akashona. Alipofunga uzi wa mwisho na kuona Sikitu anapumua vizuri, ndipo akageuka. Daktari Bingwa alikuwa bado ameinama, mikono imezama hadi viwiko ndani ya tumbo la Kiolezo, anapekua.

"Shona!" Mwanamvua akamwambia. "Acha, mshone! Anamwaga damu!"

"Wewe umekipata cha kwako," Daktari Bingwa akasema, akihema. "Mimi sijakipata bado. Siwezi kushona kabla sijakipata, haitakuwa sawa."

"Alikuwa anajifanya! Mzima yule, alikuwa anajifanya!"

Hakuna aliyemsikia, au waliomsikia hawakuelewa. Akamsukuma mzee yule, akakandamiza vitambaa kwenye jeraha kwa nguvu zake zote. "Mikono! Nipeni mikono hapa!" Wanafunzi walisimama na vikombe vyao wakilia kwa kwikwi. Mmoja tu, Firdausi, alikiachia kikombe chake kikavunjika sakafuni, akaja akaweka viganja vyake juu ya viganja vya Mwanamvua. "Nifanyeje?" akauliza. "Daktari, niambie nifanyeje, sisi hatujafundishwa damu!" Wakakandamiza pamoja. Lakini kisu kilikuwa kimepita pasipopitika, na maji yakimwagika hayazoleki. Mtu yule alikata roho mikononi mwao, uso wake umetulia, masharubu yamechanwa vizuri kama asubuhi.

Mwanamvua akaketi sakafuni kwenye damu. Hakulia tena. Alikuwa anamtazama Profesa Lisanga, akingoja kuona uso wa mtu aliyegundua alichokifanya. Moyoni aliamini, hata baada ya yote, kwamba sasa lazima wameona.

Profesa alivua miwani. Akaifuta kwa muda mrefu, upande huu na upande huu. Alikuwa analia kimya kimya.

"Ni msiba mkubwa," akasema. "Lakini msiba usitufanye tusahau tulivyoapa. Ugonjwa mmoja. Dawa moja. Upasuaji mmoja." Akaivaa miwani, akalitazama benchi la pili, ambako Sikitu alikuwa anapumua. "Mwisho nao uwe mmoja. Huyu amebaki nyuma. Daktari Bingwa, tafadhali."

Na yule mzee, Mungu nisamehe, akaokota kisu. Hakuwa na chuki hata chembe. Alikifuta kwanza, kwa sababu alifundishwa usafi.

Jamani, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mwanamvua alisimama bila kujua amesimamaje. Benchi la Sikitu lilikuwa na magurudumu. Akalishika upande wa kichwa, Firdausi akalishika upande wa miguu, wakalisukuma kuelekea mlangoni, wanafunzi wakiruka huku na huko kunusuru vikombe vyao. Daktari Bingwa akawafuata kwa hatua za utulivu, akiomba radhi kwa kila aliyempiga kikumbo.

Mlangoni Bi Nyamizi alikuwa amesimama na mtoto kifuani. Akawapisha wapite, kisha akajipachika katikati ya mlango, mwembamba kama ufagio, akamkabili mtu mwenye kisu.

"Rudi nyuma!" akamwambia. "Rudi, mwanaharamu wee! Huyu hafanani na yule! Hafanani na mtu yeyote chini ya jua! Huyu ni Sikitu!"

Daktari Bingwa akasimama. Akamgeukia Profesa, Profesa akawageukia wajumbe, wajumbe wakatazamana. Benchi lilikuwa limekwisha kuanza kuteremka njia ya Bondeni, na Bi Nyamizi nyuma yake anakimbia na mtoto anayelia. Mwanamvua aliisikia sauti ya mzee yule ikiwafuata kutoka mlangoni, sauti ya mtu anayetaka kujua kwa dhati.

"Sikitu ni nani?" alikuwa anauliza. "Jamani, Sikitu ni nani?"